Shujaa Akifilisika

Apolonia na Cornel walisoma darasa la sita katika kijiji kimoja jirani na Geita. Kila siku walirudi nyumbani pamoja, na kila siku walibishana. Siku hiyo walimbishania shujaa wa filamu waliyoitazama kwenye banda la video: tajiri mwenye mgodi wa dhahabu, anayevaa kinyago na kuokoa watu kwa gari linaloruka.

"Mnyang'anye ule mgodi uone," Cornel alisema. "Hana gari, hana mavazi ya chuma. Anabaki mtu wa kawaida tu."

"Na moyo wake je?"

"Moyo hauruki, Apolonia."

Walikuwa wamefika penye mashimo ya zamani yaliyoachwa na wachimbaji. Ghafla wakasikia kilio kutoka chini ya ardhi. Alikuwa Zuhura, mtoto wa jirani yao, aliyetumwa kuchunga mbuzi, akatumbukia shimoni.

Cornel alitupa begi, akataka kuteremka. Apolonia akamkamata shati.

"Usisogee! Mvua imelainisha udongo. Ukianguka, mtakuwa wawili humo. Kimbilia kwa wachimbaji, kwa kina Baba Makoye, wana kamba."

Cornel alitimua mbio kuelekea machimboni. Apolonia alilala kifudifudi mbali kidogo na ukingo.

"Zuhura, ni mimi, dada Apolonia. Umeumia?"

"Mguu! Dada, udongo unaniangukia!"

"Usijaribu kupanda. Funika kichwa kwa mikono. Haya, nitajie majina ya mbuzi wako."

Zuhura aliyataja huku akilia. Alipoyamaliza, Apolonia alimwambia aanze upya. Alitamani kukimbia, lakini hakuondoka.

Baba Makoye alifika na wachimbaji wenzake. Walitandaza mbao ukingoni, mmoja akafungwa kamba kiunoni, wakamteremsha taratibu. Zuhura akatolewa akiwa ametapakaa tope, mguu umevimba. Walimpeleka zahanati, wakaambiwa mfupa haukuvunjika.

Waliporudi penye shimo, Cornel alimweleza Baba Makoye ubishi wao. "Bila kamba yenu angekufa," alisema. "Kwa hiyo shujaa lazima awe na mali."

Baba Makoye alimshika bega. "Sikudanganyi, mwanangu. Kamba ile tuliinunua, na bila hiyo tungehangaika sana. Lakini mtoto alipokuwa analia, kamba ilikuwa imelala bandani kwetu machimboni. Haikumsikia. Wewe ulikimbia, mwenzako akakubali kubaki na woga wake. Mtu anayewajali wenzake akipata mali, ataokoa wengi zaidi. Asiyejali, hata akiwa na mgodi, atapita tu."

Kisha akawageukia wachimbaji wenzake.

"Na sisi wakubwa tumepita hapa mara nyingi. Kuliacha shimo hili wazi ni kosa letu. Leteni sepetu."

Wakaanza kulifukia.