Mshairi Aliyekunywa Kahawa

Kila mchana basi la shule lilimshusha Kawthar mbele ya duka la fundi cherehani, pale mtaa wa Darsait, Uarabuni. Alipanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu, akavua viatu, akambusu bibi yake mkono, akala wali, kisha akajitupa kwenye kochi kutazama televisheni. Kitabu cha maktaba kilikuwa chini ya mto wa kochi hilo tangu Jumamosi. Kochi lilikijua kuliko Kawthar.

Huo ulikuwa mwaka 1998, na Kawthar alikuwa na miaka kumi na mitatu. Abla Mahbuba, mwalimu wake wa Kiingereza, alikuwa amempa kila msichana mtu mmoja wa zamani amsome, kisha aandike kurasa mbili juu ya maisha yake. Kawthar alipewa mshairi wa Kiingereza aliyeishi miaka mia sita iliyopita. Atakayeandika vizuri angesoma kazi yake ukumbini, siku ya kina mama. Kawthar aliitaka nafasi ile mpaka akaiota. Mama yake alikuwa muuguzi. Hakuwahi kumwona binti yake akisimama mbele ya watu, na safari hii alishaomba ruhusa kazini.

Lakini tamthilia ya Kimisri nayo ilikuwa imefika patamu. Jumatatu jioni, kesho yake zamu yake ya kusoma darasani, Kawthar alikuwa amesoma ukurasa mmoja tu: kwamba mshairi yule alifanya kazi ya forodha katika bandari ya London, akisimamia ushuru wa sufu za kondoo.

Forodha! Kawthar akaruka kwa furaha. Marehemu babu yake naye alikuwa karani wa forodha, kule Unguja, na Bibi hachoki kusimulia habari zake. Akashika kalamu. Wali haujaiva, kurasa mbili zimejaa.

"Kila asubuhi," akasoma siku ya pili mbele ya darasa, "mshairi alikunywa vikombe vitatu vya kahawa chungu. Adhuhuri, jua likizidi, alirudi nyumbani kulala. Mzigo usio na karatasi zake aliupiga teke."

Wasichana wakacheka mpaka wakashika mbavu. Abla Mahbuba alitabasamu mwanzo, kisha akavua miwani.

"Kawthar, mwanangu, jua gani hilo la London la kumlaza mtu mchana?"

"La... la kiangazi, Abla."

"Na kahawa? Wakati ule Uingereza walikuwa hawajui hata harufu yake. Umeisoma ukurasa gani?"

Kawthar akabahatisha. "Wa ishirini."

"Vizuri. Kesho uje na kitabu utuoneshe. Baada ya hapo nitataja nani atasoma mbele ya kina mama."

Bashayer, aliyekaa naye dawati moja, akamnong'oneza, "Wa ishirini una picha ya ngome tu, shoga. Nilikiazima kabla yako."

Nyumbani, bibi yake, Bi Kheiria, alikuwa akichagua mchele.

"Bibi, nnaumwa na tumbo. Kesho siendi skuli."

"Tumbo hilo limeanza kabla ya sahani mbili za wali, au baada?"

Kawthar akalia, akasema yote.

"Hebu nisomee hayo uliyoandika, kwa Kiswahili," Bibi akasema. Akasikiliza huku mabega yakimcheza kwa kicheko. Ilipofika habari ya mzigo kupigwa teke, akauweka ungo chini.

"We mtoto! Mume wangu umempeleka Ulaya bila pasipoti?"

"Nisamehe, Bibi."

"Na huyo Mzungu wa watu, ya kwake umeyatupa wapi? Leta kitabu. Televisheni leo imefunga saumu."

Kawthar akasoma, kamusi mkono wa pili, mpaka adhana ya magharibi. Akakuta kwamba mshairi, alipokuwa kijana, alikwenda vitani Ufaransa akatekwa, na mfalme wake akachangia kumkomboa. Akakuta kwamba alikaa chumba cha juu ya lango la mji. Akakuta kwamba wakubwa walikionea fahari Kifaransa, naye akatunga kwa Kiingereza cha watu wa kawaida.

"Bibi! Alitekwa! Hii tamu kuliko tamthilia!" Kisha sauti ikashuka. "Lakini baba yake alikuwa akiuza mvinyo. Mbele ya kina mama nitasemaje? Niandike sharubati?"

Bibi akauvuta tena ungo wake. "Mvinyo kauza yeye, hukuuza wewe. Andika mvinyo. Ukianza na sharubati, ile kahawa itarudi yenyewe."

Asubuhi Kawthar alisimama kabla hajaitwa.

"Abla, ukurasa wa ishirini hauna kahawa. Nilisema uongo. Kitabu sikukisoma, na yale yalikuwa maisha ya babu yangu. Jana nimekisoma chote."

Akasoma kurasa zake mpya. Kwenye mvinyo kulisikika kicheko kimoja nyuma. Mshairi alipotekwa, hata Bashayer aliacha kutafuna ubani wake.

"Wa kwanza kusoma atakuwa Bashayer," Abla Mahbuba akasema. "Kazi yake ilikuja ya kweli tangu siku ya kwanza." Kawthar akainamisha kichwa. "Wewe utamfuata. Lakini sikiliza, na nyote sikilizeni. Maiti hawezi kuinuka akasema, 'Mimi sikufanya hivyo.' Ndiyo maana anayeandika habari zake lazima awe mwaminifu, na uaminifu una kazi: kukaa chini na kusoma. Jana uliwakosea wawili. Mshairi ulimnyang'anya maisha yake, na babu yako ulimnyang'anya jina lake. Basi utaandika ukurasa wa babu yako pia. Kila mtu na lake."

Jumatatu iliyofuata, Kawthar alisimama ukumbini. Mama yake alikuwa safu ya pili, bado na sare ya hospitali, na Bi Kheiria ubavuni mwake. Alisoma ya mshairi, akapigiwa makofi. Kisha akasoma ya babu yake, Muhanna bin Hamdan, karani wa forodha, Unguja, na jina hilo likajaa ukumbi mzima.

Bi Kheiria akamgeukia mama mmoja aliyekaa upande wake wa pili, ambaye hata hawajuani.

"Umesikia? Huyo karani ndiye wangu," akasema. "Yule mshairi ni wa mwalimu."