Kati ya Andika na Funga

Kila asubuhi, kabla sijafunga kamba za viatu vya shule, nilikuwa na kazi moja ambayo hakuna mwingine nyumbani aliyeruhusiwa kuigusa: kumsomea Bibi habari za kundi la simu. Bibi alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Uso wa mtu aliuona kama kivuli, na herufi za simu hakuziona kabisa. Basi aliketi karibu na dirisha la jikoni na kikombe chake cha chai, mimi nikasimama kando yake na simu. Mama alikuwa ameshakwenda kiwandani zamu ya alfajiri, kwa hiyo tulikuwa wawili tu.

Kundi lilikuwa la watu wa mtaa wetu. Walikuwemo kama sitini, lakini waliozungumza kila siku hawakuzidi kumi. Msimamizi alikuwa muuguzi wa zahanati, mama asiyependa matusi. Kulikuwa na kinyozi, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kucheka. Hata ukitangaza kuwa maji yamekatika, yeye alituma nyuso tano zinazolia kwa kicheko. Na kulikuwa na fundi redio mmoja mzee ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Mawingu.

Jina hilo alilipata kihalali. Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi aliandika kundini hali ya hewa itakavyokuwa, naye hakuitoa redioni wala gazetini. Aliitoa mlangoni kwake, kwa kutazama juu. Zamani alikuwa akipatia sana, na watu walianika nguo kwa neno lake. Mwaka ule alikuwa akikosea, tena vibaya, na hapo ndipo Bibi alipopata chakula chake. Bibi alikuwa dobi kwa miaka arobaini. Mtu aliyemdanganya kuhusu jua alikuwa amemkosea mno.

"Andika," angesema Bibi. "Mawingu, jana ulituahidi jua, nikaanika blanketi. Sasa blanketi langu limeoga mara mbili kwa siku moja. Funga."

Naye Mzee Mawingu angejibu, "Jirani, mimi nilisema jua litawaka. Sikusema litawaka kwako." Kinyozi angemwaga nyuso zake, na siku ikaanza vizuri.

"Andika" na "funga" ndiyo ilikuwa kanuni yetu. Bibi akisema andika, niandike neno kwa neno. Akisema funga, nitume. Maneno yaliyokuja kabla ya andika au baada ya funga yalikuwa ya jikoni, na ya jikoni hayatoki. Aliniita Kasuku wake, kwa sababu kasuku hulirudisha neno kama alivyolipokea. Nami nililipenda jina hilo, mpaka nilipoanza kujiona nina akili kuliko kasuku.

Ilianza kidogo kidogo. Siku moja Bibi aliniambia niandike, "Mawingu, leo umepatia." Nikaona ni maneno makavu. Nikaongeza, "Naona safari hii ulimwuliza mbuzi wako." Kinyozi alituma nyuso kumi, na mwingine akaandika kwamba Bibi hana mpinzani. Shuleni, binti wa kinyozi, ambaye nilikaa naye dawati moja, alinieleza kwamba baba yake aliusoma ujumbe ule kwa sauti kinyozini na wateja wakacheka mpaka wembe ukasimama. Hakujua kwamba maneno ni yangu. Mimi nilijua, na nikatembea siku nzima nimevimba kichwa.

Tangu hapo kila ujumbe wa Bibi nilitia chumvi yangu. Bibi aliona tu kwamba watu wanacheka zaidi, akadhani utani wake umekomaa.

Jumatatu moja Mzee Mawingu alitangaza siku kavu, na kabla ya saa nne mvua ikatukuta uwanjani shuleni. Kesho yake asubuhi Bibi alinipa ujumbe mfupi wa kumtania, akasema funga. Kisha akashika kikombe kwa mikono miwili, akasema kwa sauti ya chini, "Maskini Mawingu. Tangu mkewe afariki, hata mawingu hayamsikii tena."

Alisema kwa huruma. Nilimsikia, na nilijua kabisa kwamba ni huruma. Lakini mimi wakati huo sikuwa tena na masikio ya mjukuu. Nilikuwa nasikiliza kwa ajili ya kinyozi. Nikaona sentensi ile inachekesha kuliko ile niliyoagizwa. Nikaifuta ya kwanza, nikaandika: "Mawingu, tangu mkeo aondoke hata mawingu hayakusikii tena." Nikaongeza uso mmoja wa kucheka. Nikatuma.

Kinyozi alituma kitu, kisha akakifuta. Baada ya dakika kadhaa Mzee Mawingu akaandika, "Asante, jirani. Nimekusikia." Chini yake simu ikaonyesha kwamba ameondoka kwenye kundi.

"Amejibu nini?" Bibi aliuliza, tayari anatabasamu.

"Amecheka," nikasema.

Ningeweza kusema palepale, na yangeisha palepale. Badala yake nilichukua mkoba wangu nikaenda shule, na darasani sikusikia hata somo moja. Mchana niliporudi, nilikuta muuguzi amemwandikia Bibi pembeni: "Shikamoo Bibi. Ujumbe wa leo umetuumiza wengi. Naomba tuzungumze." Nikaufuta ule nao.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini anayeipita huiona ndefu. Jumatano asubuhi Bibi aliniuliza Mawingu kasemaje leo. Sikuwa na Mawingu wa kumsomea. Nikachungulia dirishani, nikaona anga nyeupe, nikasema, "Anasema mawingu kidogo, mvua hakuna." Bahati ikanibeba. Alhamisi nikabahatisha tena, nikapatia. Ijumaa nikasema jua kali. Bibi akamwomba Mama, aliyekuwa na mapumziko siku hiyo, amtolee godoro nje. Saa saba mvua ikanyesha.

Niliporudi nilimkuta Bibi ameketi kando ya godoro lililolowa, anacheka peke yake. "Njoo, Kasuku. Andika. Mawingu, leo usiku nitalala kwenye bwawa, na wewe ndiye uliyelichimba. Funga. Kisha unisomee atakachojibu."

Nikashika simu, nikajifanya naandika, nikajifanya natuma, nikajifanya nasoma jibu. Bibi alilicheka jibu ambalo hakuna mtu aliyelitoa. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya choo. Nilijiona mwizi, tena mwizi anayemwibia kipofu huku amemshika mkono.

Jumamosi Bibi alitaka kwenda dukani. Nilimwongoza kama kawaida, kiganja chake begani kwangu. Tulimsalimia mwuza mboga, akaitikia bila kuinua kichwa. Tulimsalimia muuguzi kwenye lango la zahanati, akasema "marahaba" kwangu na "shikamoo" kwa Bibi, basi, akaingia ndani. Bibi alisema labda kuna wagonjwa wengi.

Tulipokaribia kona, nikamwona Mzee Mawingu anakuja upande wetu, na redio ya mtu kwapani. Nilitaka kumgeuza Bibi, lakini alikuwa ameshaisikia fimbo ya mzee ikigonga barabarani.

"Mawingu," Bibi aliita kwa furaha, akanyoosha mkono. "Njoo hapa unilipe usingizi wangu."

Mzee alisimama. Alimtazama Bibi, akautazama ule mkono, akafungua mdomo kama mtu anayetaka kusema. Kisha akavuka barabara akaenda zake.

Bibi alibaki na mkono hewani. Akaushusha polepole, akaufuta kwenye kanga kana kwamba umechafuka. "Hakunisikia," akasema. "Masikio nayo huzeeka." Baada ya hatua chache akaongeza, "Au nimemkosea nini?"

Sikuweza tena. Nilimwambia hapohapo barabarani, watu wakipita. Nilimwambia kuhusu mbuzi, kuhusu sentensi ya jikoni, kuhusu ujumbe wa muuguzi niliofuta, kuhusu hali ya hewa ya siku tatu niliyoitunga mwenyewe. Nililia, lakini kilio kile hakikunisaidia kitu.

Nilitegemea kofi. Bibi alisema tu, "Toa simu. Nisomee ulichoandika."

Nikasoma.

"Soma tena."

Nikasoma tena. Sentensi niliyoiona tamu kinywani mwangu ilikuwa inanikata ulimi.

"Na ule uso uliouweka mwishoni?"

"Ni uso wa kucheka, Bibi."

Kisha akaweka kiganja begani kwangu, kizito kuliko mwanzo. "Duka litangoja," akasema. "Nipeleke kwa Mawingu."

Karakana ya Mzee Mawingu ilikuwa chumba kimoja kilichojaa redio zilizofunguliwa matumbo. Meza yake ilikuwa dirishani, na mlangoni kulikuwa na benchi dogo ambalo hakuna aliyelikalia, ingawa halikuwa na vumbi hata chembe. Alituona akaweka chini koleo, lakini hakutukaribisha.

Nilipiga magoti bila kuambiwa. Nikasema shikamoo, hakuitikia. Nikasema kwamba ujumbe ule niliuandika mimi, kwamba Bibi hakuniagiza, kwamba hadi leo hakuwa anajua, maana siku tatu nilimtungia hali ya hewa kwa jina la mzee mwenyewe. Nilisema kwamba nilitaka watu wacheke. Kulisema hilo la mwisho mbele yake kulikuwa kugumu kuliko yote, maana lilikuwa kweli na lilikuwa dogo mno.

"Maneno ni yangu," Bibi akasema kutoka mlangoni. "Usimwachie mtoto yote. Niliyasema jikoni kwangu nikikuhurumia. Huyu akayatoa nje yamevuliwa huruma."

Mzee Mawingu alisukuma koleo pembeni. Kisha akasema, "Kilichoniuma ni kwamba ni kweli."

Akaonyesha lile benchi. Alituambia kwamba yeye hajawahi kuyajua mawingu. Aliyeyajua ni mkewe. Kila asubuhi mama yule aliketi pale mlangoni, akatazama juu, akamwambia, naye akaandika tu kundini. Mtaa ulimsifu yeye, na mkewe alicheka na kumwambia aache wamsifu. Alipofariki, mzee aliendelea kuandika. Alikuwa anabahatisha. Aliona kwamba siku atakayoacha, atakuwa amemzika mara ya pili.

"Nilidhani mtaa mzima umeshanigundua," akasema, "na jirani yangu ndiye aliyechaguliwa kuniambia."

Bibi alipapasa hewa mpaka akaupata mkono wa mzee, akaushika. Mimi nilikuwa bado chini, natazama skrubu zilizodondoka sakafuni, natamani niwe mojawapo.

Hatimaye mzee akanigeukia. "Siku hizo tatu ulizotabiri kwa jina langu, ulipatia ngapi?"

"Mbili," nikajibu.

"Basi umenishinda," akasema. "Marahaba. Inuka."

Hakucheka, lakini aliitikia.

Bibi hakuishia hapo. Tulipofika nyumbani alinikalisha kwenye kiti chake, yeye akasimama. Aliniambia kosa lilitendeka mbele ya watu sitini, na litatengenezwa mbele ya watu sitini, kwa sauti yangu mwenyewe, si kwa herufi zilizojificha nyuma ya jina lake. Nilirekodi ujumbe wa sauti mara nne kwa kuwa mara tatu za kwanza nilitia visingizio, na Bibi alinifanya nifute. Wa nne ulisema tu nilichofanya na kwamba naomba radhi. Jumatatu darasani, binti wa kinyozi alihamishia daftari zake upande mwingine wa dawati. Wengine walininyooshea vidole wiki nzima. Niliinamisha kichwa.

Muuguzi alikuja nyumbani kumwomba Bibi msamaha kwa kumsalimia nusu nusu. Akashauri kwamba sasa Bibi atume sauti yake mwenyewe na aachane na mwandishi. Niliposikia hivyo nilitazama chini, kwa sababu lilikuwa shauri la haki.

Bibi alikataa. "Nikimnyang'anya simu atajifunza tu kwamba sina tena haja ya macho yake. Hatajifunza kuwa mwaminifu." Kisha akanigeukia. "Sikiliza, mjukuu wangu. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Na wewe hukujikwaa ulimi wako, ulijikwaa wangu. Mtu akikukabidhi sauti yake, amekukabidhi jina lake, jirani zake na salamu zake za barabarani. Utani ni wa watu wanaojua mwenzao anaumia wapi, wakapaepuka. Anayetaka kuchekesha watu sitini kwa kidonda cha mmoja, huyo hatanii. Kuanzia leo, baada ya funga, utanisomea kwanza. Nikisema peleka, ndipo upeleke."

Wiki mbili zilipita bila hali ya hewa. Kila asubuhi Bibi aliuliza, na kila asubuhi nilimjibu ukweli, kwamba hakuna. Siku ya kumi na tano muuguzi alimrudisha Mzee Mawingu kundini, na saa kumi na mbili na nusu akaandika: "Majirani, aliyekuwa akiyasoma mawingu alikuwa mke wangu. Mimi nilikuwa mwandishi wake tu. Leo sijui kama itanyesha. Mwenye macho atazame, atuambie."

Nikamsomea Bibi. Alifuta macho yake yasiyoona kwa ncha ya kanga.

"Andika," akasema. "Mawingu, miaka yote hiyo nilikuwa nagombana na mtu asiyehusika. Nidai msamaha ukipita. Funga."

Nikamsomea neno kwa neno. Akasema peleka, nikapeleka. Kisha akageukia dirisha, na kwa sauti ile ya chini akasema, "Tulimpenda sana mama yule, na hatukujua hata kazi yake."

Kidole changu kilikuwa bado juu ya simu. "Hilo niliandike, Bibi?"

"Hapana, Kasuku," akasema. "Hilo ni la jikoni."

Nikaiweka simu mezani, nikainama kufunga kamba za viatu.