Kama Hujui, Sema Hapana

Umeme ulikatika alasiri, bila hodi wala kwaheri, kama ilivyo desturi yake. Cherehani ya mke wa fundi ikanyamaza katikati ya mshono, friji ikakoroma mara moja ikatulia, na jirani wa ukuta wa pili akawatukana watu wa umeme, wao na waliowazaa. Kisha kimya. Na ndani ya kile kimya, feni ndogo ilikuwa inazunguka.

Fundi akainua kichwa. Mtaa ulimwita Chomeka, maana ukimpelekea kifaa chochote kilichokufa, jibu lake lilikuwa moja: "Chomeka tu, mengine tutayaona mbele ya safari." Mwanamume mwembamba, mwepesi wa mikono, mwepesi zaidi wa mdomo. Mezani kwake, pale pale sebuleni, kompyuta ya mapajani aliyokuwa akiitengenezea zahanati ilikuwa bado inawaka. Akatazama rafuni. Betri ya kompyuta hiyo ilikuwa imelala rafuni, imevimba kama shavu lenye jino bovu, mahali alipoiweka kwa mkono wake baada ya kuichomoa.

"Mke wangu," akasema polepole, "umeme umerudi?"

Mkewe alikuwa amelalia cherehani, shavu juu ya kitambaa, usingizi wa fofofo, na sindano imesimama upana wa kidole kutoka jichoni mwake.

Mtu mwenye akili zake angetoka mbio hata viatu asivae. Chomeka alifurahi.

Na furaha yake ilikuwa na sababu. Ile zahanati iko upande ambao umeme ni mgeni wa kupita, na muuguzi mkuu alimpa kazi kwa sharti moja tu: mashine isizimike. Lakini mashine yenyewe ilikuwa kuukuu, na mfumo wa kisasa wa kuiendesha ulikuwa hauvitambui nusu ya viungo vyake. Basi fundi akaamua kuupikia, yaani kuutengenezea mwenyewe, kiini kipya. Kiini, au keneli kama wanavyoita wenyewe mafundi, ndicho moyo wa mfumo. Ndicho kinachojua hii ni feni, hiki ni kifuniko, hii ni betri. Ndicho kinachoamua nani apewe umeme na nani alale. Kabla hujakipika kinakuuliza maswali, maelfu kwa maelfu: kifaa fulani nikitambue? Ndiyo au hapana? Na chini ya maswali, waungwana walioyatunga wameandika nasaha: kama hujui, sema hapana.

Chomeka na subira ni paka na maji. Alisoma maswali machache ya mwanzo, akapiga miayo, akaamuru yote yaliyobaki yajibiwe ndiyo, akaenda zake kuoga. Ni sawa na mtu kusikia hodi, naye akapaza sauti kutoka bafuni na sabuni usoni: "Karibuni wote!"

Waliokaribishwa nao wakaingia.

Siku zilizofuata fundi alitembea mtaani kifua mbele kama jogoo aliyepewa kuku wapya. Mashine inakula hewa! Umeme ukikatika ndiyo kwanza inachangamka! Nyumbani, mkewe alikuwa akisinzia juu ya sahani, akisinzia juu ya ndoo, akiamka amechoka kuliko alivyolala. Nguo za wateja zikarundikana. Pete ya ndoa ikaanza kumcheza kidoleni.

Wa kwanza kulitamka alikuwa mama mkwe. Huyu alikuwa akiishi nao, chumba cha uani, na mtaa ulimwita Bi Redio, kwa sababu habari ikimfikia wakati wa chai ya asubuhi, kabla ya chakula cha mchana imeshafika machinjioni na kurudi imeongezwa nyama.

"Mkwe," akamwita uani, sauti ya chini, "mwanangu ana mimba?"

"Hana, mama."

"Basi ana nini? Mikono baridi kama samaki wa kwenye barafu. Halafu nyumba inanuka nywele zilizoungua. Unachoma nini humo ndani?"

"Ni kompyuta, mama. Feni ina vumbi."

"Vumbi lenye nywele," akasema Bi Redio, akamtazama mpaka kijana wa watu akainamisha macho.

Ukweli ulijitokeza adhuhuri, jua likiwaka, kwa jambo dogo sana. Mkewe alikuwa anapinda ukosi wa gauni, anaongea. Fundi, ili apate nafasi ya kuweka bisibisi, akafunika kompyuta.

"Hili gauni nikilimaliza leo," alikuwa anasema mkewe, na pale pale kichwa kikaanguka kifuani.

Fundi akafunua.

"Kesho nalipeleka mapema, maana mwenyewe msumbufu," akaendelea mkewe, mkono ukivuta uzi kama hakuna kilichotokea.

Fundi akafunika tena, taratibu, kama anayefunika sufuria lenye nyoka. Kichwa kikaanguka. Ubavuni mwa mashine, kile kitaa kidogo ambacho huonyesha kwamba kompyuta imelala kikaanza kufifia na kung'aa, kufifia na kung'aa, na kifua cha mkewe kikawa kinapanda na kushuka nacho sawasawa. Ila mashine ilikuwa hailali. Feni ilikuwa inazunguka chini ya kifuniko. Aliyelala alikuwa mwingine, kwa niaba yake.

Akageuka. Bi Redio alikuwa mlangoni, ameegemea mkongojo wake, ameona yote.

"Izime," akanong'ona.

Fundi akafunua, akakikandamiza kitufe cha kuzimia na kukishikilia. Kioo kikaanza kuingia giza kutoka pembeni. Mkewe akafumbua mdomo kama mtu anayetaka kupiga chafya. Chafya haikuja, wala pumzi haikuja, na midomo yake ikageuka rangi ya majivu.

"Achia! Achia, unaniulia mtoto!"

Akaachia. Feni ikanguruma. Mkewe akavuta pumzi kwa kishindo, kama aliyeibuka kutoka chini ya maji, akawatazama wote wawili. "Mbona mnaniangalia hivyo? Nina nini usoni?"

Wakaita mganga, mzee mnene mwenye maneno mengi, aliyeingia akiuliza kwanza kama kuna soda. Akaketi kiti cha karibu na meza, akafukiza, akasoma. Katikati ya kusoma akapiga miayo. Akapiga wa pili. Kope zikamwelemea, na pale pale akaruka kutoka kitini kama aliyekalia kaa la moto, akakusanya vitu vyake hata chetezo akakisahau.

"Mzee, ujira wako?" fundi akamkimbilia mlangoni.

"Baki nao!" Jasho lilikuwa linamtiririka. "Hilo si jini lililoingia kwa dirisha, kijana. Limekaribishwa na mwenye nyumba kwa kinywa chake. Linamnywa anayelala, na kama kuna mmoja lisiyemnywa ni wewe, maana mgeni hamli mwenyeji wake. Mwenyeji ndiye atakayelikataa. Mimi sipo."

Ndipo hofu ilipowaingia vizuri, maana mganga anayekimbia ujira wake hajawahi kusikika. Na kesho yake asubuhi muuguzi alikuwa anakuja kuichukua mashine, kwenda kuiweka wodini, kando ya vitanda vya watu waliolala.

Fundi akaketi. Njia ilikuwa moja: kupika kiini kingine, na safari hii kujibu mwenyewe. Umeme ulikuwa umekatika tena. Hata ungekuwepo usingefaa kitu, maana tangu jana kila alipochomeka waya mashine iliutema kwa cheche. Akapita swali baada ya swali, kwa kidole na kwa mdomo, kama mtoto anayejifunza kusoma. Kibodi, ndiyo. Feni, ndiyo. Vifaa ambavyo hata sura zake hakuzijua: hapana, hapana, hapana. Mpaka akafika kwenye swali moja lililokuwa halina jina la kiwanda wala la kifaa.

*Aliyemo chumbani nimtambue?*

Jibu lake la zamani lilikuwa pale: ndiyo. Chini yake, mahali pa nasaha, patupu.

"Hapana," akasema, akabonyeza. Likarudi ndiyo. Akabonyeza tena. Ndiyo.

Fundi mwenye kazi yake anajua maana yake: kuna jibu jingine mahali linaloshikilia hili, na huwezi kung'oa tawi huku shina umelikumbatia. Akarudi nyuma kwenye maswali ya umeme, akalikuta. Lilikuwa jibu alilolipenda kuliko yote, lile la kumpa sifa mtaani: *mashine isizimike kamwe, itumie chochote kilichopo.* Akalitazama kidogo. Kisha akasema hapana, na huko mbele lile swali lisilo na jina likafutika lenyewe.

"Bado kukipika," akamwambia mama mkwe. "Kazi hiyo inakula nguvu nyingi, mama, saa nzima na zaidi. Italazimika kumnywa mtu."

"Basi huyu hatalala," akasema Bi Redio, akavuta kigoda mbele ya bintiye, akamshika mikono yote miwili. "Wewe lala, ulidanganye hilo joka lako, huenda mganga amekosea. Mimi namshika huyu kwa maneno."

Fundi akaanzisha kazi, akajilaza sakafuni chini ya meza, na kwa uchovu aliokuwa nao usingizi ukamchukua. Mistari ikaanza kupita kiooni kama siafu. Na Bi Redio akafungua stoo. Akatoa habari za mtaa zilizokuwa zimefungiwa miaka: nani alimzalia nani, nani alihama kwa sababu gani na hiyo sababu sasa inafuga ndevu, nani anavaa wigi na nani analijua. Bintiye akacheka. Akasema, "Mama, una dhambi wewe!" Akachangamka.

Lakini fundi alikuwa analala na mashine haikumgusa, kama alivyosema mganga, na ilipokosa cha kunywa feni ikaanza kulia, kwanza kama mbu, halafu kama mtoto aliyepotezwa sokoni, na harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumba mpaka machozi yakawatoka, na mistari kiooni ikawa inapita mmoja mmoja kwa kujikokota, na macho ya binti yakaanza kuzama, akivutwa, akirudi, akivutwa, huku mamaye akimfinya na kumpiga vibao vya mashavuni na kupandisha sauti juu ya ule mlio, akimsimulia sasa habari ambayo alikuwa ameapa kufa nayo, ya mke wa mwenye bucha na yule mpima ardhi, jinsi watu walivyojificha nyuma ya ukuta na tochi wakisubiri mlango ufunguliwe, na mikono ya bintiye ikizidi kuwa baridi ndani ya mikono yake, baridi ya kutoka mifupani, baridi ya mtu ambaye kesho ataoshwa na wenzake.

Bi Redio akatazama kioo. Akamtazama mwanawe.

"Basi mlango ukafunguliwa," akasema, "na aliyetoka, wallahi, hakuwa mpima ardhi."

Macho ya binti yakafunguka pima. "Alikuwa nani?"

"Nitakumalizia nikiamka."

Na kabla bintiye hajamshika, kikongwe akajinyoosha kwenye mkeka, akajifunika khanga, akafumba macho kama mtu aliyemaliza kazi za siku.

Feni ikanyamaza kulia. Mistari ikaanza kukimbia. Binti akamtikisa mamaye, akamwita, akalia. Lakini kwa kulia na kwa kiu ya kumjua aliyetoka mlangoni, hakusinzia tena. Jua lilipokuwa linazama, mashine ikajizima, ikajiwasha mara moja, ikakuta hakuna betri wala waya, ikafa kama mashine yoyote yenye adabu.

Bi Redio akaketi. Mashavu yamejaa, macho maangavu kama ya msichana.

"Mama!" Bintiye akamkumbatia, akicheka na kulia. Mwili wa mamaye ulikuwa na joto, joto la pasi. "Umenitisha! Haya niambie, aliyetoka alikuwa nani?"

Bi Redio akageuza kichwa, taratibu, akamtazama.

"Aliyetoka wapi?" akauliza.

Muuguzi aliichukua kompyuta, na sasa analalamika kwamba inazimika ovyo kama nyingine. Mke wa fundi amenenepa, pete inambana. Bi Redio ndiye mzima kuliko wote: hatumii tena mkongojo, na wageni hawamwishii. Ila siku hizi yeye hasimulii, anasikiliza tu, na majirani waliokuja na umbea mbichi hutoka chumbani kwake wakipiga miayo, wakishikilia ukuta. Chomeka anawahesabu kwa macho na kunyamaza. Atasema nini? Ni mama wa mkewe, na alilala kumwokoa binti yake, pale ambapo usingizi wa fundi ulikataliwa.

Yeye na mkewe hulala kwa zamu. Juzi umeme ulikatika, mtaa mzima giza, zamu ilikuwa ya fundi kukesha, na kichwa kikamwinamia. Akashtuka. Mwanga ulikuwa umelala sakafuni, unatoka chini ya mlango wa chumba cha uani, ambako taa ya dari ilikuwa inawaka na feni inazunguka polepole. Mlango ukafunguka kidogo.

"Umechoka, mkwe," ikasema sauti ya mama yao, laini, yenye mapenzi. "Nawe lala. Mimi nipo macho."