Vipimo Vilivyofanana Mno

Kufuli ya kabati ilikuwa imevunjwa, na kifaa kilichokuwa ndani hakikuwepo.

Inspekta Nthenya alifika kwenye karakana ile ya Baba Dogo saa mbili na robo, Jumatatu asubuhi. Hapo ndipo mashine za leza za kutibia macho zilipotengenezwa kabla ya kurudishwa kliniki. Mwenye karakana, Bi Perez, alikuwa amesimama kando ya kabati, mikono kichwani.

"Kimeibwa nini hasa?"

"Kipima leza, Madam. Mashine haitoki hapa kabla hatujapima nguvu ya mwale, upana wake na ubora wake."

"Ubora?"

"Kama mwale umetulia na una umbo la mviringo, au umetawanyika ovyo."

Konstebo Bwire alikuwa akipaka unga kwenye mlango wa kabati, akitafuta alama za vidole. Nyuma yake mlinzi, Sylvance, aliketi juu ya kasha la mbao, pingu mikononi.

"Mlango wa nje haukuvunjwa," Bwire akasema. "Funguo anazo huyu."

"Afande, mimi sijaiba," Sylvance akasema. "Miaka tisa niko hapa. Hicho kitu hata sijui kinawashwa aje."

"Leo nani alifika wa kwanza?" Nthenya akamuuliza.

"Fundi Mbithi. Nilimfungulia saa kumi na mbili na nusu."

"Mfungue pingu, Bwire."

Mbithi aliitwa. Alikuwa kijana nadhifu, koti lake jeupe limepigwa pasi. Hakuketi mpaka alipoambiwa.

"Kifaa ulikitumia lini mara ya mwisho?"

"Ijumaa jioni. Nilipima mashine ya kliniki moja ya Mowlem. Ikachukuliwa Jumamosi."

"Cheti cha vipimo?"

Bi Perez alileta faili. Nthenya alisoma nakala ya Ijumaa, kisha akafunua ya nyuma yake, ya mashine hiyohiyo miezi mitatu iliyopita. Nguvu, miliwati 203.7. Upana, mikromita 198.4. Ubora, 1.14. Akarudi kwenye ya kwanza. Akarudia tena.

"Bi Perez, safari hii mashine ililetwa kwa nini?"

"Kubadilishwa lenzi."

"Lenzi mpya, na vipimo havikusogea hata nukta?"

Bi Perez alimpokonya faili. "Haiwezekani! Hata ukipima mara mbili bila kugusa kitu, tarakimu ya mwisho lazima icheze."

Nthenya alimgeukia fundi.

"Ulipima?"

"Nilipima."

"Mbithi. Ulipima?"

Mbithi aliitazama saa ya ukutani.

"Mashine hiyo inatumika lini?"

"Leo. Saa tatu."

Ilikuwa saa tatu kasoro dakika saba.

Bi Perez alipiga simu kliniki. Laini ilikuwa ikitumika. Akapiga tena. Mara ya tatu muuguzi akapokea.

"Zima leza! Ni Perez wa karakana. Mwambie daktari asiguse chochote!"

Simu iliachwa mezani upande wa pili. Zilisikika nyayo zikikimbia, mlango, kisha hakuna kitu. Sylvance alisimama. Bwire aliacha brashi yake hewani.

"Tumezima," muuguzi akarudi, akihema. "Mzee Tobias Ndete alikuwa ameshaweka kidevu kwenye mashine. Daktari alikuwa hajakanyaga pedali."

Bi Perez aliketi sakafuni palepale, akacheka na kulia kwa pamoja.

Mashine ilirudishwa kabla ya adhuhuri, ikapimwa kwa kifaa cha kuazima. Nguvu ilikuwa sawa kabisa. Lakini lenzi ilikuwa imekaa vibaya: doa la mwale lilikuwa na nusu tu ya upana unaotakiwa, na kingo zake zimechanika.

"Nguvu ileile kwenye doa la nusu ya upana," Bi Perez alimweleza inspekta, "ukali wake ni mara nne. Ingemchoma jicho."

Mbithi alisikia yote akiwa ameinama.

"Kipima leza kiko wapi?" Nthenya akauliza.

"Kwenye debe la vyuma chakavu, huko nyuma."

Bwire alikileta kikiwa kimefungwa kwa kitambaa. Uso wa kihisi, sehemu inayopokea mwale, ulikuwa na ufa kutoka pembe hadi pembe.

"Kiliniponyoka Ijumaa," Mbithi akasema. "Nikanakili vipimo vya zamani. Leo asubuhi nikavunja kufuli ili ionekane ni mwizi."

"Na Sylvance afungwe?"

"Sikufikiria mbali hivyo." Alimtazama mlinzi, akashindwa kumtazama zaidi. "Pole, mzee wangu."

"Kwa nini hukusema tu kimevunjika?" Bi Perez akauliza. "Vitu huvunjika, Mbithi!"

"Jumatano uliniambia mbele ya wote kwamba mimi ndiye fundi pekee unayeweza kumwachia karakana. Siku mbili tu zilikuwa zimepita, Mama. Ningeanzaje kukuambia?"

Bi Perez alikifunika kifaa tena kwa kitambaa.

Nthenya aliandika maungamo, Mbithi akatia sahihi. Bwire alipomshika mkono kumtoa, fundi alisita mlangoni.

"Inspekta, yule mzee. Anaona?"

"Anaona. Analalamika tu kwamba amefukuzwa bila kupewa chai."

Mbithi alivuta pumzi ndefu, mabega yakamshuka. Akanyoosha mikono yake mwenyewe ili afungwe pingu.