Nataka Nondo

Nondo wa kwanza alionekana mchana, ametua kwenye nguzo ya sebule. Alikuwa mkubwa kama kiganja, rangi ya kutu, vipapasio kama vinyoya, na kila bawa la nyuma lilikuwa na duara jeusi mfano wa jicho. Siku hiyo Nyevu, mtoto wa miaka sita, alisukuma bakuli la uji.

"Sina pa kuupitishia," alimwambia mama yake, Dama.

Juma lilipokwisha, nondo walikuwa wameifunika nguzo nzima. Nyumba mpya ilinuka chuma kilicholowa, ingawa mvua haikuwa imenyesha Mtongwe. Nyevu alikonda. Midomo yake ilianza kuingia ndani.

Dama alimwita mganga, Bi Mastura, bila kuwaambia watu wa kanisani. Alifika adhuhuri, akafukiza ubani. Sauti iliyomtoka mtoto ilikuwa ya mwanamume, imejaa vumbi.

"Nataka nondo."

"Nondo gani, bwana?"

Bi Mastura akamgeukia Nyale, baba wa mtoto. "Wadudu hawa, ama vyuma vya kujengea?"

Nyale alikijua alichoulizwa. Vyuma vya nguzo ile alivichomoa mwenyewe kwenye kifusi cha ghorofa lililoanguka Kiembeni, na kimoja alikivuta kwa nguvu kwa sababu kilikuwa kimempita fundi kifuani, na fundi yule alikuwa bado anapumua, akamtazama, akafungua kinywa aseme neno, na Nyale hakungoja kulisikia.

"Wadudu, Bi," alisema. "Si unawaona?"

Bi Mastura akamshika mmoja, akampindua. Mahali pa kinywa palikuwa patupu. "Nondo huyu hali tangu atoke kwenye kifukofuko mpaka afe. Hana kinywa. Aliyeomba si yeye."

"Baba Nyevu," Dama akanong'ona, "kama kuna neno, liseme."

"Nyumba hii nimeianza mtoto hajazaliwa. Niibomoe?"

"Nani amesema kubomoa?"

Nyale aliwakusanya wadudu, akawachoma uani. Harufu ya chuma ikatoweka. Akamwita mwanawe aje ale.

Nyevu akaja. Chini ya pua ngozi ilikuwa laini, haina mkato, kama ukuta uliopigwa plasta jana. Na ndani ya nguzo sauti yake ilikuwa ikilia njaa.

Dama alikimbilia nyundo. Aliporudi, Nyale alikuwa amesimama mbele ya nguzo, ametandaza mikono.