Mifuko ya Mkaa Sebuleni kwa Eufrasia

Wewe unayesoma, uliiona nyumba ile. Dirisha limefungwa, jiko la mkaa linaingizwa ndani, nawe ukageuza shingo. Mimi sisahau. Nimezika watu waliolala na jiko, na msibani tukasema ni kifo cha ghafla.

Jumapili moja jumuiya ya kanisa ilisali kijijini Yakobi, kwa Laurenti na mkewe Eufrasia, Mama Joackim. Sebule ilikuwa imepakwa rangi mpya. Harufu ilipokuwa kali, Eufrasia alitundika mifuko ya mkaa wa mianzi ukutani. Harufu ikapungua. Basi siku ya sala akafunga dirisha, akaingiza jiko linalowaka.

"Mama Joackim, jiko ndani?" aliuliza jirani yake, Idda.

"Mifuko ile inakula hewa chafu yote. Kaa uote moto."

"Basi nigawie mmoja nimvishe baba watoto akitoka kwenye pombe ya ulanzi."

Watu wakacheka.

Katikati ya rozari, bibi Konsolata, mama yake Laurenti, aliyewekewa mto wa kuegemea karibu na jiko, aliinamisha kichwa. Walidhani anasinzia.

Ndipo akaingia Hulda, afisa afya, amechelewa kutoka kazini Makambako. Kipimo cha hewa mkobani mwake kikaanza kulia.

"Mtoeni bibi. Tokeni wote."

Bibi alitapika uani. Wakamkimbiza hospitali, akawekewa oksijeni.

Kesho yake Eufrasia bado alibisha. "Lakini dada Hulda, harufu ya rangi iliondoka."

"Kweli. Mkaa usiowashwa hunasa mvuke wa rangi, kiasi. Gesi ya sumu itokayo kwenye mkaa unaowaka ni nyingine. Haina harufu, na mkaa hauinasi. Tupime."

Waliacha jiko na kipimo ndani, wakafunga, wakachungulia kupitia kioo. Namba ikapanda. Wakafungua, hewa ikapita, wakatoa mifuko, wakafunga tena. Namba ikapanda vilevile. Jiko lilipotolewa na dirisha kufunguliwa, ikashuka.

Eufrasia alijifunika uso kwa khanga. "Nilimkalisha mama mkwe wangu kwenye sumu. Nikamwekea na mto."

Bibi alipona. Jumuiya iliporudi pale, dirisha lilikuwa wazi, jiko liko nje, watu wamejifunika mablanketi. Eufrasia alisimama mlangoni, macho chini.

"Mwanangu," bibi alimwita, "leo hunipi mto?"

Akauleta, bado hamtazami usoni.

Na wewe, jiko lako liko wapi saa hii? Funga kitabu. Litoe nje, ufungue dirisha. Kisha nenda kamgongee jirani yako, yule uliyempita.