Sahihi ya Ciakuthii katika Kituo cha Majani Chai

Ulimwona yule kijana mwenye karatasi ukageuza uso. Ukasema siasa si yako. Ciakuthii, mkulima wa Kanja, kaunti ya Embu, naye alizoea kusema hivyo hivyo.

Asubuhi hiyo wakulima walikuwa kituoni, vikapu vya majani chai chini, wakingoja lori. Kijana akapita akiomba sahihi na nambari za vitambulisho. Pale kituoni watu hutia sahihi kwa jambo moja: mbolea. Ciakuthii akatia.

"Italetwa lini?" akauliza.

"Nini?"

"Mbolea."

Kijana akacheka, akamfikia Wanja, mwalimu mstaafu, jirani wa Ciakuthii. Wanja akasoma kwanza, akamrudishia kijana karatasi, akamgeukia Ciakuthii.

"Mama Runji, umeunga mkono katiba ibadilishwe. Wanataka zahanati zitoke mikononi mwa kaunti, zirudi kwa serikali ya Nairobi."

Gachoki, mpimaji wa majani, akacheka. "Umeuza zahanati kwa mbolea ya hewani."

Ciakuthii hakucheka. Karimi, mke wa mwanawe Runji, alikuwa mjamzito, na mkunga wa zahanati alipatikana juzi tu. Enzi za Nairobi, mama yake mwenyewe alingoja dawa mpaka akazikwa.

"Zamani walibadilisha katiba mchana mmoja, sisi tukichuma chai," akasema. "Na hii ya sasa, imeshapita?"

"Bado," Wanja akajibu. "Zinahitajika sahihi za wapiga kura milioni moja, na tume ya uchaguzi huzikagua. Kisha mswada huenda mabunge ya kaunti. Zaidi ya nusu yakikubali, unaenda Bunge la Taifa na Seneti. Na ukigusa ugatuzi, yaani madaraka ya kaunti, lazima wananchi wote wapige kura ya maamuzi."

"Wabunge wakianza wenyewe?"

"Wanahitaji theluthi mbili katika kila bunge, na lazima watusikilize."

"Na sahihi yangu?"

"Iandikie tume ulivyodanganywa. Mswada ukifika Embu, twende tuseme."

Ciakuthii akaandika. Kisha akaenda kikapu hadi kikapu akiwaeleza wenzake.

Siku wawakilishi wa wadi, wale wa bunge la kaunti, walipokuja kusikiliza maoni, ukumbi ulijaa. Ciakuthii alisimama na mjukuu mgongoni.

"Nilitia sahihi ya mbolea, mbolea sikuiona. Huyu alizaliwa pale zahanati, usiku wa mvua. Mngetaka azaliwe wapi, njiani?"

Bunge la kaunti likaukataa mswada. Kaunti nyingi zikaukataa pia, ukafia hapo.

Wewe je? Kuna karatasi nyingine inapita kituoni kwenu sasa hivi. Weka kikapu chini. Isome kabla ya kutia sahihi, na mkutano ukiitwa, nenda ukaseme.